Nunua Kilo, Usinunue Vipande: Chuma cha Ujenzi Juba kwa Mwenye Fedha za Kuhesabu

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Juba, iwe Konyo Konyo, Custom au ng'ambo ya mto kule Gumbo, utaulizwa unataka vipande vingapi. Hapo ndipo mnunuzi anapoliwa. Nondo haibebi nyumba kwa hesabu ya vipande. Inabeba kwa uzito wake na kwa daraja lake. Muuzaji akitaja bei ya kipande, wewe uliza kilo, kisha uliza daraja.

Makala haya ni ya anayejenga nyumba ya chini, fremu za duka au ghorofa moja, fundi yuko kiwanjani anasubiri, na fedha zilizopo hazina nafasi ya kununua mara mbili.

Mizani kwanza

Chuma cha ujenzi kina uzito unaojulikana dunia nzima: mita moja ya ujazo ni kilo 7,850, kiwe kimetoka Jinja, Athi River, Uturuki au China. Kwa hiyo uzito wa nondo si jambo la kubishania. Chukua unene wake kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa 162. Utapata kilo za mita moja. Nondo kamili ya mita 12 inapaswa kusoma hivi:

- Milimita 8: kilo 4.7
- Milimita 10: kilo 7.4
- Milimita 12: kilo 10.7
- Milimita 16: kilo 18.9
- Milimita 20: kilo 29.6

Kiwango cha Uingereza kinachofuatwa na wahandisi wengi wa kanda hii kinaruhusu uzito upungue au uzidi kwa asilimia 4.5 kwa nondo nene kuliko milimita 8. Maana yake ni kwamba nondo ya 12 ikisoma chini ya kilo 10.2, hiyo si 12, hata kama karatasi iliyofungwa kwenye bando inasema hivyo.

Usitegemee kalipa peke yake. Nondo ya mikunjo ukiibana juu ya mikunjo inasoma nene kuliko jina lake. Ukiibana katikati ya mikunjo inasoma nyembamba. Muuzaji mjanja anajua pa kubana. Mizani haina ujanja huo. Omba nondo tano kutoka katikati ya bando, zisiwe za juu, zipimwe pamoja, ugawe kwa tano. Duka lisilotaka kupima limeshakujibu.

Sasa bei. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, duka la kwanza linauza nondo ya 12 kwa dola 12 na la pili kwa dola 11. Wengi watakimbilia la pili. Ukipima, ya kwanza ina kilo 10.6 na ya pili kilo 9. Ya kwanza ni dola 1.13 kwa kilo, ya pili ni dola 1.22. Kwa kila tani, duka la "bei rahisi" limekuzidishia dola 90, na bado limekupa nondo dhaifu.

Tani moja ya nondo halisi za 12 ni vipande 94. Ukihesabiwa 110 na kuambiwa ni tani, usishangilie vipande vya nyongeza. Umeuziwa milimita 11. Hiyo imepoteza asilimia 16 ya chuma. Ya 10 ambayo kwa kweli ni 9 imepoteza asilimia 19, na ya 8 ambayo ni 7 imepoteza karibu robo.

Baadhi ya wafanyabiashara waliozoea soko la Sudan huita nondo sikhi na hupima kwa linya, yaani sehemu moja ya nane ya inchi. Linya 3 ni takriban milimita 10, linya 4 ni 12, linya 5 ni 16. Usibishane na jina. Andika milimita na kilo kwenye risiti.

Daraja lipi linalipa

Namba ya daraja inaeleza nguvu: mzigo ambao chuma kikiupita hakirudi tena kwenye umbo lake. Unahesabiwa kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Sokoni utakutana na madaraja matatu ya nondo.

*Nondo laini ya 250.* Haina mikunjo, inapinda kirahisi, inapatikana kila mahali katika milimita 6 na 8. Inafaa kwa ringi za nguzo na bimu. Kwa nondo kuu za kubeba mzigo haifai, kwa sababu ni dhaifu na zege haliishiki vizuri.

*Nondo ya mikunjo ya 460.* Ndiyo iliyozoeleka kwenye michoro mingi ya Kenya na Uganda kwa miaka mingi. Mafundi wanaijua na ramani nyingi zinaitaja.

*Nondo ya mikunjo ya 500.* Hutengenezwa kwa kumwagiwa maji ikiwa bado nyekundu, ganda la nje likawa gumu na moyo wake ukabaki laini. Viwanda vingi vya kanda sasa vinatoa hii.

Hesabu yake ni hii. Nguzo yenye nondo 4 za milimita 12 za daraja 460 ukitaka kuijenga kwa chuma cha 250 chenye unene uleule, unahitaji nondo 8 ili kupata nguvu hiyo. Basi nondo laini ingekufaa tu kama ingeuzwa karibu nusu ya bei kwa kilo. Haiuzwi hivyo. Iache kwenye ringi.

Kati ya 460 na 500 tofauti ya nguvu ni chini ya asilimia 9. Bei ikizidi kwa asilimia hiyo, huna sababu ya kulipa, isipokuwa mhandisi amepunguza nondo kwenye mchoro kwa kutegemea 500. Kama mchoro ni wa 460 na dukani kuna 500 kwa bei ileile, chukua 500. Kinyume chake hakikubaliki: mchoro wa 500 usijengwe kwa 460 bila mhandisi kuhesabu upya.

Alama na jaribio la kupinda

Nondo halali ina herufi zilizochongeka kwenye chuma chenyewe, zikijirudia kila baada ya hatua fulani: jina la kiwanda, unene, daraja. Nondo isiyo na alama haina mwenyewe. Ikivunjika hakuna wa kumdai. Kiwango cha Afrika Mashariki cha nondo za mikunjo ni EAS 412, na Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Ukinunua mzigo mkubwa, dai cheti cha kiwanda chenye namba inayolingana na kitambulisho kilichofungwa kwenye bando. Cheti cha bando jingine ni karatasi tu.

Kama huna maabara, fanya hivi palepale dukani. Chukua kipande cha nondo ya 12 na bomba la maji la inchi moja na nusu. Unene wake wa nje ni karibu milimita 48, yaani mara 4 ya nondo. Kunja nondo kulizunguka bomba bila moto mpaka pembe ya digrii 90 au zaidi. Angalia mgongo wa mkunjo. Ukiona nyufa zinazokatiza chuma, rudisha bando zima. Magamba membamba ya juu yakipukutika si neno.

Fundi akitaka kuikunja kwa moto wa gesi, mkataze. Moto unaua lile ganda gumu na kuirudisha nondo karibu na chuma laini, nawe ulishalipia 500. Kuunganisha nondo kwa kuchomelea nako ni vivyo hivyo: kama alama au cheti hakisemi inachomeleka, funga kwa waya.

Kutu nyekundu nyepesi isikutishe, haipunguzi kitu. Kutu inayobanduka kwa magamba na kuacha vishimo ni hasara. Pima kilo za nondo hiyo baada ya kuisugua, kisha amua.

Urefu unaoibwa kimyakimya

Mita 12 ya jina si mita 12 ya futi kamba. Nondo zinazosafirishwa ndani ya kontena la futi 40 mara nyingi hukatwa mita 11.8 au chini kidogo ili ziingie. Mabomba yanayokuja kwenye kontena la futi 20 huwa mita 5.8, si 6. Sentimita 20 kwenye bomba ni zaidi ya asilimia 3 ya fedha yako. Hakuna ubaya kuyanunua, mradi bei iwe ya kilo au ya mita.

Ufupi huo una deni la pili. Nondo mbili zikiungana lazima zipishane, na kawaida ni mara 40 hadi 50 ya unene. Kwa milimita 12 hiyo ni karibu sentimita 50 hadi 60 kila kiungo. Mpe fundi urefu halisi uliopimwa kabla hajakata, apange viungo vichache. Mabaki ya nondo za 8 yasitupwe; hutoka ringi.

Mabomba ya mraba na vyuma vya pembe

Kwa paa, milango na fremu, Juba inatumia sana mabomba ya mraba na vyuma vya pembe, ambavyo mafundi waliotoka Kampala na Nairobi huviita anglaini. Wizi wa hapa uko kwenye unene wa ukuta wa bomba, kwa kuwa macho huona upana tu.

Bomba la milimita 40 kwa 40, mita 6, lenye ukuta wa milimita 1.6, yaani geji 16, ni karibu kilo 11.6. Lenye ukuta wa 1.2, geji 18, ni kilo 8.8. Kwa nje yanafanana kabisa. Ukiuziwa la pili kwa bei ya la kwanza, umepoteza karibu robo. Kumbuka geji ikipanda, chuma kinapungua. Ndivyo ilivyo pia kwa mabati, ambapo geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32.

Ukuta wa 1.2 unafaa kwa dirisha na rafu. Kwa mabomba ya kubeba paa, anzia 1.6, na kwa nafasi ndefu 2.0. Ukuta mwembamba una gharama nyingine: mchomeaji hutoboa mashimo, kisha huyaziba kwa vijiti vya kuchomelea unavyonunua wewe.

Vyuma vizito vya umbo la I huja na namba kama S235, S275 na S355 za Ulaya, Q235 ya China, au A36 ya Marekani ambayo ni sawa na 250. Namba ni nguvu ileile tuliyoitaja kwenye nondo. Bila cheti, mhandisi akadirie daraja la chini. Usilipie 355 kwa maneno ya mdomoni.

Hapa wengi hupoteza fedha: daraja kubwa halipunguzi kuyumba. Chuma cha 235 na cha 355 vina ukakamavu sawa, karibu nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Kama tatizo lako ni bimu ndefu inayobonyea katikati, kununua daraja la juu hakutasaidia. Kinachosaidia ni kimo. Bomba la milimita 100 kwa 50 lenye ukuta wa 2 likisimamishwa kwa upande wa 100 linakaribia kuwa kakamavu mara 3 kuliko likilazwa. Chuma ni kilekile, bei ni ileile. Simama ulione likifungwa.

Paa: mbao au chuma

Mbao za msonobari kutoka Uganda hupatikana kwa urahisi na huanza kwa bei ya chini. Tiki ya Equatoria ni ngumu na mchwa huisumbua kidogo, lakini bei yake ni ya fanicha. Miti ya mikaratusi ni rahisi kuliko zote, na hupinda ikikauka.

Chuma hakiliwi na mchwa, na Juba mchwa si wa kubahatisha. Ila kinataka mchomeaji, umeme au jenereta, rangi ya kuzuia kutu, na mtu wa kupaka kila kiungo baada ya kuchomelea. Viungo visivyopakwa ndivyo vinavyooza kwanza.

Kwa nyumba ya vyumba vidogo, mbao zilizotiwa dawa bado zinatosha. Kwa ukumbi, bohari au duka lenye nafasi ya zaidi ya mita 6 bila nguzo, chuma kinalipa. Usichanganye bila mpango. Kununua nusu ya kila kimoja kunaleta mafundi wawili na ankara mbili.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

*Barabara.* Chuma kingi cha Juba kinapitia mpaka wa Elegu na Nimule, kisha kilomita 192 za lami iliyokamilika 2012. Njia hiyo ikisimama, bei husogea mara moja. Mwaka 2024 tozo mpya mpakani, zikiwemo za kufuatilia mizigo kwa mtandao na za ulinzi wa misafara, zilikwamisha hata malori ya Umoja wa Mataifa. Muuzaji hujaza tozo hizo kwenye bei ya kilo. Kabla ya kuamini kuwa "mzigo umepanda", linganisha maduka matatu. Mwenye mzigo wa zamani boharini ana nafasi ya kupunguza.

*Mto.* Malori ya Nimule huingilia ukingo wa mashariki. Daraja la Uhuru, lililofunguliwa Mei 2022 kwa msaada wa Japani, limepunguza msongamano wa daraja la zamani, lakini kila safari ya kuvuka ni fedha. Kiwanja chako kikiwa Gumbo au Sherikat, tafuta kwanza upande huohuo. Usilipie nondo kuvuka kwenda Custom na kurudi.

*Kubeba.* Nondo ya mita 12 haipandi raksha. Utaambiwa ikunjwe katikati. Mkunjo mpana unavumilika; mkunjo mkali ulionyooshwa kwa nyundo umechosha chuma pale pale. Kama mchoro unaruhusu, omba zikatwe mita 6, au kata sehemu iliyokunjwa iwe ringi. Uliza kabla ya kulipa: kukata ni kiasi gani, kupakia ni nani, kupakua ni nani.

*Fedha.* Desemba 2015 pauni ilipoachwa ielee, dola iliruka kutoka karibu pauni 3 hadi 18.5, na tangu hapo wauzaji hawajasahau. Kubaliana sarafu na kiwango cha kubadilisha kabla ya mizani, kiandikwe kwenye risiti. Mwenye pauni mkononi asikae nazo akisubiri bei ishuke. Bora anunue nondo kidogo kidogo kuliko saruji: saruji huganda ikikaa, nondo iliyoinuliwa juu ya matofali na kufunikwa inasubiri msimu mzima wa mvua.

*Ahadi.* Usilipie tani ambayo "iko njiani". Lipa kwa kilichopo, kilichopimwa.

Juba, Kampala, au mtumba

Kununua Kampala au Gulu kunaonekana rahisi ukitazama bei ya kilo pekee. Ongeza usafiri, wakala wa forodha Nimule, siku za lori kusubiri, na hatari ya mzigo kupungua njiani. Nyumba moja ya chini haijazi lori. Kwa kiasi hicho nunua Juba. Majirani watatu au wanne wakijenga pamoja na kujaza lori moja, hesabu inageuka, na mtaweza pia kuchagua kiwanda na daraja.

Nondo za mtumba kutoka majengo yaliyobomolewa zinauzwa kwa bei tamu. Daraja halijulikani, zimenyooshwa kwa nyundo, na kilo zimeliwa na kutu. Zitumie kwa uzio na mabanda. Zisiingie kwenye msingi, nguzo, bimu, ngazi wala kifuniko cha shimo la choo.

Ukiwa na nusu ya fedha

Anza na nondo za msingi na nguzo, za 460 au 500, zilizopimwa na zenye alama. Fuatisha ringi na waya wa kufungia. Nondo za lenta zinunuliwe ukuta ukifika kimo chake. Mabomba ya paa yasubiri, maana yakikaa nje bila rangi yanaharibika mapema kuliko nondo. Madirisha na milango ni ya mwisho, na hapo ndipo pa kubana matumizi bila kumhatarisha mtu.

Fundi akikushauri ushuke kutoka 12 hadi 10 "ili zitoshe", mjibu kwa hesabu: umepunguza asilimia 30 ya chuma kwenye kila nguzo. Kama fedha hazifiki, ondoa chumba kimoja kwenye ramani ukijenge mwakani. Milimita za nguzo usiziguse.